Nyigu wa Mlango wa Bafu

Bibi alijifanya anahesabu vifungo vya sweta, lakini masikio yalikuwa kiti cha mbele, ambako mama mshonaji alikuwa akimsimulia bawabu mmoja waliyejuana humohumo ndani ya basi.

"Kaka yangu, mwenye nyumba wetu kamera ya korido kaielekeza mlango wa bafu! Mwezi mzima natoka kuoga nimevaa koti la mvua, wanangu wananicheka."

"Hukumlalamikia?"

"Kanijibu ni kwa usalama wetu."

Usalama wa sabuni, labda, Bibi aliwaza.

"Basi juzi nyigu kaja, kajenga kijumba cha udongo palepale kwenye jicho la kamera. Haioni kitu! Jana nimetoka bafuni na kitenge changu kimoja, naimba."

Bibi naye akashusha pumzi.

"Lakini dada, usalama si mzaha. Mwambie mwenye nyumba akibandue hicho kijumba."

"Nimbandue mpangaji mwenzangu? Hatolewi mtu bila notisi."

"Mwizi hasomi notisi, dada!"

Basi likasimama. Mshonaji akainuka, uso umekunjuka. "Akija huyo mwizi, mwambie apite polepole, asije akaamsha watoto wa nyigu."