Chuma Mgongoni mwa Kalondu

Basi lilipopita mji wa Salama, Halima, mwuza vitambaa wa Kitui, aliinua picha ya eksirei ya Kalondu, jirani yake wa kiti, akaielekeza dirishani. Hakuna aliyemwomba.

“Mwaitu, mama yangu, hiki cheupe kando ya uti wa mgongo ni nini?”

“Daktari anasema ni chuma,” Kalondu akajibu. “Leo ananipasua akitoe.”

“Kiliingilia wapi? Una kovu?”

“Sina.”

“Mimi nilipopigwa picha nilivuliwa hata bangili. Wewe ulivua kila kitu?”

Kalondu akajishika kiuno. Siku ya picha alivua yote, isipokuwa kipande cha shaba alichofungwa kiunoni na mganga. Aliambiwa akikitoa, maumivu yatapanda hadi shingoni. Jana, kwa kuogopa kufa nacho kwenye upasuaji, alikata uzi wake akakitupa chooni.

“Kilikuwa cha mganga,” akanong’ona.

“Sasa watapasua watafute nini? Mwambie mzee wako!”

Mzee wake, Muthama, alikuwa kiti cha mbele. Mwaka jana, kama mzee wa kanisa, alimsimamisha mjane mbele ya waumini kwa sababu ya hirizi. Mjane huyo siku hizi anasali nyumbani.

“Wewe utashuka na maneno yako,” Kalondu akasema. “Mimi nitarudi naye nyumbani.”

“Ukirudi.”

Basi likasimama kwenye lango la hospitali. Muthama akachukua picha, akamshika mkewe mkono kwa upole.

“Baba Nzomo,” Kalondu akamwuliza mumewe, “wakinipasua utakuwa wapi?”

“Mlangoni, nikikuombea.”

Kalondu akashuka.