Rangi ya Manjano Iliyonishtaki

Mheshimiwa mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Laeken, Brussels, Mchungaji Tshibangu, Sheikh Burhani, kina papa na kina maman, wageni waalikwa, nanyi watoto mnaomaliza sambusa kabla ya wakubwa: salaam kwenu nyote.

Kazini walimuaga Daktari Alphonsine Kabeya wiki iliyopita, kwa Kifaransa, kwa vipande vya jibini na makofi ya ncha za vidole. Leo ni zamu yetu, na mimi Mansour, mtunza ghala la maabara yake, mzaliwa wa Buyenzi kule Bujumbura, nimeomba kipaza sauti. Atakayeninyang'anya aje na askari.

Wengi mnamjua Maman Alphonsine kwa kwaya na kwa sombe yake ya majani ya muhogo. Je, mnajua kazi iliyomtia mvi? Alikuwa akipima peroksidi. Usicheke, Papa Banza, naeleza. Etha, ile ya kuyeyushia dawa maabara, ikikaa na hewa na mwanga huzaa ndani yake kitu kiitwacho peroksidi. Mtu akiichemsha bila kujua, chupa inamlipukia usoni. Kwa macho huioni. Basi unatia kwenye kichupa chumvi ya iodidi na asidi, unangoja. Peroksidi ikiwepo, iodini inatoka, maji yanakuwa manjano, na ukali wa rangi ndio kipimo.

Kiangazi cha 2008, kila chupa iliyotoka ghalani kwangu ilitoa manjano. Kila moja! Wenzake waliopima wakasema Mansour anaacha vizibo wazi, Mansour anaanika etha juani. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na bila mkataba Warda na watoto wangebaki Bujumbura, maana hapa hawamruhusu mtu asiye na kazi kuleta familia. Nilirudi chumbani kwangu Evere nikakaa kitandani na viatu miguuni. Jamani, niliogopa.

Maman alikuwa ndiyo kwanza ametoka likizo. Nikajua atanitetea: si tunaongea lugha moja, si ananiita mwanangu? Wapi! Alivaa koti jeupe, akaandaa vichupa viwili pale pale dirishani wenzake walipopimia, kimoja kina etha yangu, kingine kina kila kitu isipokuwa etha. Hicho cha pili ndicho cha kulinganishia. Wenzake walikuwa wakikipima asubuhi chini, gizani, kisha wanategemea jibu lake kutwa nzima wakipima etha huku juu kwenye mwanga. Na jua la Brussels, mvivu yule, wiki ile lilikuwa limeamua kufanya kazi.

Tukangoja. Vyote viwili vikawa manjano, sawasawa. Maman akawaeleza wakubwa kwa Kifaransa kwamba hewa na mwanga peke yake vinatosha kuitoa iodini, kisha akanigeukia kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi: "Bon. Hii haina ata tone ya etha, na iko jaune. Alors, tumufukuze nani?"

Chupa zote zikapimwa upya gizani, kila moja na kichupa cha kulinganishia pembeni. Zilikuwa safi, isipokuwa moja yenye kizibo kilichopasuka, na hiyo moja Maman aliitaja mbele ya wote bila kunionea haya. Nilipata mkataba. Warda yule pale, mwenye kitambaa cha kijani, na watoto ndio hao wa sambusa.

Siku ile nilimfuata kwenye korido nikamuuliza: "Maman, na kama rangi ingekuwa kweli ya etha yangu?"

Akanitazama. "Ningesema ni ya kwako, Mansour. Kisha ningeenda kulia ku toilette."

Ndugu zangu, katika maisha yangu nimewahi kutetewa kwa sababu ya dini, kwa sababu ya mtaa, kwa sababu ya kuonewa huruma, na wote nawashukuru. Huyu mama peke yake alinitetea kwa sababu sikukosa. Ndiyo maana tangu siku ile naingia maabara kwa mlango wa mbele, kichwa juu.

Maman, Mungu akupe mapumziko marefu. Nanyi nyote mlionivumilia, asanteni sana.