Kaanaeli Ndesanjo na Benchi la Toba

Mchungaji, wazee wa usharika, masheikh na majirani wa Daraja Mbili, wanamichezo, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja hapa Engutoto, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu kabla hatujaianza safari ya kumpeleka Machame, nami naomba mnivumilie, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda zile historia zinazomgeuza kila marehemu kuwa malaika, na alikwisha kutuonya kwamba ya kwake tusiipake sukari.

Marehemu Kaanaeli Ndesanjo alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 huko Machame, akabatizwa mwaka huo huo, na akasoma shule ya misheni pale nyumbani kuanzia mwaka 1947 hadi 1954, ambako, kwa ushahidi wetu sisi tuliomfuata nyuma, alijifunza hesabu kiasi na mpira sana. Mwaka 1958 alihamia Arusha kujifunza useremala, na mwaka 1968 akaajiriwa fundi katika kiwanda kimoja cha umma hapa mjini, akakitumikia mpaka mwaka 1991, kiwanda kilipopunguza wafanyakazi naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Hakukaa kulalamika, alisema biashara imefunguliwa na yeye ana miguu, akapata meza sokoni akauza viatu vya mitumba, na vijana wengi waliopo hapa njumu zao za kwanza walizipata pale mezani kwake, baada ya kuhojiwa kwanza kama wanaheshimu wazazi.

Tarehe 12 Septemba 1964 marehemu alifunga ndoa na Pudensiana, binti wa Kibosho, na kwa kuwa bibi harusi alikuwa Mkatoliki na ndoa ilifungwa kwao, usharika wetu wa wakati ule ulimtenga kaka, akawa haruhusiwi mezani pa Bwana, akakaa benchi la nyuma karibu miaka miwili pamoja na wenzake waliotengwa kwa makosa mazito kuliko lake. Siku ya kurudishwa kundini mchungaji alimwita kwa jina lake na la baba yake, akapita katikati ya kanisa watu wakiimba, wazee wakampa mkono, na tangu siku hiyo alikuwa akisema kwamba adhabu nzuri ni ile yenye mlango wa kurudia. Katika ndoa yao walijaliwa watoto watatu, Elihuruma, Kandida na Anande, na hakuna hata mmoja aliyeweza kupiga mpira ukaenda alikoutaka, jambo ambalo marehemu alilipokea kwa uvumilivu wa Kikristo.

Kwa hiyo mapenzi yake yote ya mpira aliyapeleka kwa watoto wa watu. Mwaka 1992 alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ligi ya mitaa, wakati ambapo wafanyabiashara walianza kutoa zawadi, kombe la mbuzi likawa kombe la ng'ombe, na ng'ombe alipoingia adabu ikatoka, wachezaji wakawa wanawatukana waamuzi mpaka mama zao, kadi nyekundu zikamwagika, na kijana aliyefungiwa mechi alikwenda moja kwa moja kijiweni kunywa gongo. Marehemu alisimama kwenye kikao akasema kadi nyekundu inafukuza lakini haifundishi, akapendekeza kanuni mpya, kwamba mchezaji atakayemtolea mwamuzi maneno machafu au kumfanyia jeuri atolewe kwa dakika kumi, akae kwenye benchi lililotengwa nyuma ya mstari, kisha mwenyekiti amwite kwa jina lake na la baba yake, ampe mkono, arudi kucheza. Walimcheka, wakasema mpira hauna ushirika mtakatifu, vijana wakaliita benchi la toba, lakini kanuni ilipita, na msimu ule wa kwanza matusi yalipungua kweli, kwa maana mtu anaona heri apigwe kofi kuliko kukalishwa mbele ya dada zake huku wenzake wanacheza. Aliyeiona kasoro yake mapema ni shemeji Pudensiana peke yake, ambaye alimuuliza mezani wakati wa chakula, je, mwenye kuita akisahau itakuwaje, naye marehemu akacheka, akamwambia mama Elihuruma, mimi nisahau mpira?

Jumapili ya tarehe 5 Septemba 1993 ilichezwa fainali, na mshambuliaji wa Daraja Mbili alikuwa Nasri, mtoto wa marehemu mzee Omari fundi cherehani, kijana ambaye kaka yetu alimlea kimpira tangu akicheza peku, na ambaye alikuwa hapiti mezani sokoni bila kumwamkia shikamoo na kuulizwa habari za nyumbani. Siku hiyo walikuwapo wageni kutoka Dar es Salaam, watu wa timu kubwa waliokuja kutafuta vijana, na Arusha nzima ilijua wamemfuata Nasri. Kipindi cha pili kikiwa kimeanza, Nasri aliangushwa ndani ya eneo la hatari, mwamuzi akakataa penalti, kijana akaubamiza mpira chini kwa hasira mbele ya miguu ya mwamuzi, akapelekwa benchi, akaenda bila ubishi na kukaa.

Wageni wakastaajabu, wakamwita mwenyekiti kwenye viti vya heshima wamuulize ni utaratibu gani huo, na hapo, ndugu zangu, ndipo ilipotokea ajali ya maisha ya kaka yetu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba aieleze kanuni yake kwa heshima kama ile, akaanza na Machame, akaingia kutengwa na kurudishwa kundini, akaeleza habari ya mlango wa adhabu, wageni wakitikisa vichwa kwa kukubali, yeye akiongeza, na wakati anaeleza kwa ufasaha jinsi mkosaji anavyoitwa, mkosaji mwenyewe alikuwa bado amekaa, dakika zake kumi zimekwisha kupita, na hakuna aliyethubutu kumkatiza mzee mbele ya wageni. Wenzake walimpigia kelele aingie, hata mwamuzi alimtazama, lakini Nasri alikwisha kuapa mbele ya timu nzima kwamba hatavunja kanuni ya mzee Kaanaeli, akasema ataingia akiitwa. Hakuitwa. Kipenga cha mwisho kililia, Daraja Mbili wakafungwa, na wageni wakaondoka na vijana wengine, mmoja wao akiuliza kwa nini yule wa jezi namba tisa hakurudi, na mtu fulani akamjibu kwamba ana utovu wa nidhamu.

Msimu uliofuata kamati iliifuta kanuni, na marehemu hakuitetea. Wengi walidhani huzuni yake ilitokana na hilo, lakini sisi wa nyumbani tunajua kwamba kilichomla ni kingine, kwamba kumwomba radhi kijana wa umri wa mwanawe kulimshinda, alimtuma nahodha ampelekee njumu nzuri kuliko zote mezani, Nasri akazipokea na kushukuru, lakini neno lenyewe halikwenda, na kwa aibu kaka akaanza kumkwepa, akimwona upande huu anavuka upande ule, akisikia shikamoo anajifanya anapanga viatu. Kukiri kosa si utumwa, methali hiyo aliwafundisha vijana wengi, na ilipomfika yeye aliiona nzito kuliko kiwanda. Nasri naye akaacha mpira, akahamia Oldonyo Sambu kwenye biashara ya mbuzi, na majuto yakabaki Engutoto.

Ugonjwa wa kisukari ulimwanza marehemu mwaka 1995, ukaingia kwenye figo mwanzoni mwa mwaka huu, na tarehe 2 Mei 1998 akalazwa hospitali hapa mjini. Alipoona hali haigeuki alimtuma Elihuruma Oldonyo Sambu akamwambie Nasri kwamba mzee anamhitaji, na Jumatano jioni Nasri akaja, bado na vumbi la mnadani, akamkuta mgonjwa amepata usingizi baada ya siku nyingi za kutolala. Shemeji alitaka kumwamsha, Nasri akakataa, akasema mgonjwa haamshwi, na huyu ni mzee wake, akakaa kando ya kitanda mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha. Kabla ya kuondoka alimwambia shemeji kwamba habari ya fainali aliisamehe zamani, na timu ya Dar labda ingemshinda pia, ila kilichomuuma miaka yote hii ni kwamba mzee aliacha kuitikia salamu yake.

Marehemu alipoamka aliuliza kama Nasri amekuja, akaambiwa amekuja na amekwenda, akaelezwa na yale aliyoyasema, akasema, "Mngeniamsha." Aliagiza aitwe tena asubuhi. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 1998, kaka yetu alifariki dunia, na Nasri alipofika na mbuzi mmoja wa kumchinjia mgonjwa supu, alitukuta tunalia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mchungaji na usharika, majirani wa Engutoto waliolala nasi hapa nje, wafanyabiashara wenzake wa sokoni waliofunga meza zao, waamuzi na wachezaji wa ligi, na kwa namna ya pekee tunamshukuru Nasri Omari, ambaye tangu Alhamisi hajarudi kwake, na ambaye jana, jeneza lilipoingizwa sebuleni, alivua kofia, akasimama karibu na kichwa cha kaka yetu, akasema shikamoo mzee, na akabaki amesimama pale, kama mtu anayesubiri.

Kaanaeli, mwana wa Ndesanjo, Mungu akupokee na kukupa pumziko la amani.