Chai Inapoa: Maisha ya Mpiga Tarumbeta Tuliyemwita Mashavu

Ndugu waombolezaji, mdogo wangu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, saa moja na robo asubuhi, wala si usiku kama shangazi zetu wanavyodai, kwani nilikuwa nimesimama mlangoni, na jua lilikuwa limeshavuka kizingiti.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1967, akajifunza ufundi bomba, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu, na kila jioni alipuliza tarumbeta mpaka uso ukatuna, ndipo tukamwita Mashavu. Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na shemeji yangu huyu mliyemzunguka, wakajaliwa mabinti wawili.

Pamoja na fundi cherehani mpiga ngoma na mwalimu wa hesabu mpiga kinanda, aliunda kundi lisilopanga wimbo hata siku moja, kila mmoja akimsikiliza mwenzake na kumjibu papo hapo, na sharti lao lilikuwa moja tu, kwamba kilichokwisha kupigwa hakirudiwi wala hakifutwi. Albamu yao ya kwanza waliirekodi sebuleni kwake, Jumamosi, tarehe 14 Juni 1986, na pale muziki ulipotulia kabisa shemeji akafungua mlango wa jikoni, akasema, “Jamani, chai inapoa!” Fundi mitambo alitaka kuikata sauti ile, lakini Mashavu alikuwa ameshaijibu kwa tarumbeta, taratibu, kama mume anayeitika kwamba anakuja, akakataa katakata isiguswe. Wapo wanaoandika kwamba jambo lile lilipangwa. Halikupangwa, na shemeji, akiamini ameiharibu kazi ya mumewe, hakukubali kuisikiliza albamu ile miaka yote.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa, na Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023, aliomba albamu ichezwe, akamshika mkewe mkono asitoke, na sauti ile ilipofika, yeye asiyekuwa tena na pumzi ya kupuliza, alitunisha mashavu, shemeji akacheka huku machozi yakimtoka, akasikiliza hadi mwisho. Mdogo wangu alifariki siku hiyohiyo. Kuhusu saa, wauguzi wana yao, mabinti wana yao, nami simsahihishi mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, majirani mliolivumilia tarumbeta lile, na wenzake wawili watakaopiga sasa hivi, bila kupanga, wakimwachia nafasi yake.

Lala kwa amani, Mashavu, usiwe na haraka; chai ikipoa, itapashwa.