Mpira Haupewi Shikamoo

Bwana asifiwe, kanisa! Naomba niseme tena, maana hiyo ya kwanza mmeitikia kama watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe! Sasa hapo. Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu. Vijana wenzangu, hamjambo.

Wengi mnanijua. Mimi ni Umazi, na mama yangu ndiye yule anayepanga viti hapa kila Jumamosi akitoka kazini kule hotelini Diani. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyonitoa benchini. Msicheke. Wako waliotolewa kwenye ajali, wako waliotolewa kwenye ulevi, nami namshukuru Mungu kwa ajili yao. Mimi alinitoa kwenye benchi ya softiboli, na ile benchi nusura inimalize.

Ndugu zangu, mimi nililelewa Kinango na nyanya yangu, mzaa mama. Kinango mnaijua, jua kali na maji ya kutafuta. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa mbuzi. Na nyanya alikuwa mtu wa adabu, adabu kweli kweli. Mkubwa akipita, unaacha unachofanya, unainamisha macho, unatoa shikamoo kwa sauti ya chini, unangoja marahaba yako. Ukimkazia mkubwa macho, jioni mwiko unakungoja. Ukipaza sauti mbele yake, ndiyo usiseme. Nilijifunza, nikaiva. Nyanya alipofariki, mama akanileta Ukunda, nikaingia sekondari na adabu yangu yote.

Pale shuleni kulikuwa na timu ya softiboli ya wasichana. Kwa wasioijua, mmoja anarusha mpira, mwenzake anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Nilipouona mchezo ule siku ya kwanza, moyo wangu uliruka. Nikasema huu ni wangu. Mungu aliniumbia huu!

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa Mwalimu Barasa, mtu wa bara, mwili mkubwa, sauti kubwa, na roho nzuri pia. Leo siwezi kusema uongo juu yake. Alitupanga mstari, akatuambia kila mmoja apige kelele aseme jina lake na anataka kucheza wapi. Ndivyo alivyokuwa akiwajua wachezaji. Sharoni wa pale mjini akaruka mbele, "Sasa kochi!", akapiga kelele mpaka walimu wakachungulia madirishani. Mwalimu akacheka, akamwandika mrushaji hapo hapo, na hajauona hata mkono wake. Zamu yangu ilipofika nikafanya nilivyofunzwa. Nikafunga mikono mbele, nikainamisha macho, nikasema, "Shikamoo, mwalimu. Naitwa Umazi."

Akaniinamia kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Akasema, "Wewe ni baridi sana, binti. Utatuchungia vifaa."

Basi hapo jina likanikaa. Baridi! Shule nzima. Baridi, lete maji. Baridi, lete glavu. Kutoka kuchunga mbuzi nikawa nachunga mfuko wa mipira. Na ule mfuko ulikuwa mzito, ndugu zangu, nao walioubeba hawakuhesabiwa kuwa wachezaji.

Sasa sikilizeni jambo lililokuwa likiniuma. Sharoni alipoangusha mpira, mwalimu alimwambia, "Bahati mbaya, rudia." Anarudia, anarudia, mwisho anajua. Mimi nilikuwa naitwa dakika chache mwisho wa mazoezi, giza likikaribia, miguu imekufa ganzi kwa kukaa, moyo unadunda. Nikiangusha mmoja tu, mwalimu anawageukia wengine, "Si niliwaambia?" Nami narudi kwenye mfuko wangu. Yeye akiangusha ilikuwa bahati mbaya. Mimi nikiangusha ilikuwa ndiyo tabia yangu. Mpira ni ule ule, mchanga ni ule ule! Na kadiri nilivyokaa ndivyo nilivyozidi kuwa yule ambaye mwalimu alimwona. Hilo ndilo la kutisha. Ilifika mahali mwenyewe nikaamini mimi ni baridi. Hata darasani nikaacha kuinua mkono.

Nilikuwa na rafiki mmoja tu kwenye ile timu, Fatuma wa Gombato. Yeye alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago cha chuma usoni. Wengine wakiondoka, Fatuma alikuwa akibaki nami kunisaidia kuingiza vifaa stoo, na kabla hatujafunga mlango tulikuwa tunarushiana. Siku ya kwanza nilipomrushia alivua glavu akapuliza kiganja. Akaniuliza, "Wallahi, mkono huu umeutoa wapi?" Nikamwambia ni mbuzi. Akadhani ninamtania.

Sikumtania hata kidogo. Mbuzi akielekea kwenye mahindi ya watu, huwezi kumfukuza, atakushinda mbio. Na ukimpiga jiwe mgongoni ndiyo kwanza anaingia ndani. Unalirusha jiwe mbele yake, lianguke pale anapotaka kukanyaga, naye anageuka. Hurushi pale alipo, unarusha pale atakapokuwa. Nilifanya hivyo utoto wangu wote, wala hakuna aliyewahi kuniita baridi. Mbuzi wa nyanya walikuwa wananiogopa, muulizeni mama.

Basi kidato cha nne kikafika. Mashindano ya shule za pwani yalikuwa yanakaribia, na walimu wanaochagua timu ya pwani wangekuja kutazama mechi yetu kule Msambweni. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Baada ya hapo shule imekwisha, na mtu ambaye hajawahi kucheza hata mechi moja nani atamwita? Mwalimu akasoma majina. Langu lilikuwa la mwisho kabisa, la mchunga vifaa.

Nilikwenda nyumbani nikalia. Mama alikuwa ametoka kutandika vitanda vya wageni tangu asubuhi, mgongo unamuuma, lakini alikaa chini akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, mama, ni hizi adabu zenu zilizoniponza. Nikadhani atanikaripia. Hakunikaripia. Alinishika mkono huu wa kulia, tukaomba, akamwambia Mungu kwamba mkono huu ni wake, na kama aliutengeneza basi auonyeshe. Tulipomaliza akaniambia neno ambalo sitalisahau mpaka naingia kaburini.

"Adabu usiitupe. Lakini shikamoo ni ya watu, mwanangu. Mpira haupewi shikamoo. Uite kwa nguvu zako zote."

Haleluya! Ndugu zangu, kitu kilinitoka usiku ule. Siwezi kukieleza, ila niliamka mwepesi.

Kule Msambweni jua lilikuwa kali. Mimi na mfuko wangu benchini. Mechi ikiwa katikati, mpira ukamgonga Fatuma kidoleni, kikavimba papo hapo. Mwalimu akageuka kutafuta mdakaji mwingine. Macho yake yakapita benchi nzima, yakanipita mimi kama yanavyopita kiti, yakaenda mpaka mwisho, yakarudi. Hakuniona! Nami nilikuwa karibu naye kabisa.

Fatuma, amekishika kidole, machozi yanamtoka, akamwambia ampe Umazi nafasi, maana kila jioni ndiye anayemuumiza kiganja. Mwalimu akasema, "Nani, Baridi?"

Hapo, ndugu zangu, nilisimama. Nikamwangalia mwalimu usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikasema, "Mwalimu, jina langu ni Umazi. Nipe kinyago." Nyanya angekuwepo angezimia.

Akanipa. Hakuwa na mwingine, lakini akanipa.

Mpira wa kwanza ulinipita. Ndiyo, ulinipita, nami sitawaficha. Nikasikia watu wa Msambweni wanacheka, nikamwona mwalimu ameshika kichwa. Na msichana wao mmoja, mwepesi kama nini, alikuwa kituo cha kwanza akaona hapa pana mteremko. Mpira uliofuata ulipotoka tu mkononi mwa Sharoni, yeye akachomoka kukiiba kituo cha pili, yaani kukifikia bila mpira kupigwa. Nikaudaka. Kituo cha pili hapakuwa na mtu, mwenzetu alikuwa bado anakimbia kwenda kukilinda. Mwalimu akapiga kelele, "Usirushe!" Lakini mimi nilimwona mbuzi anaingia mahindini. Nikarusha pale juu ya kituo, patupu. Mwenzangu akafika, mpira ukafika, akamgusa nao yule msichana tumboni. Mwamuzi akainua ngumi. Nje!

Fatuma akapiga kigelegele na kidole chake kile kibovu.

Wakajaribu tena, nikawatoa tena. Baada ya hapo hawakuiba kituo, walikaa kwa adabu. Na mpira wa juu ulipopigwa, nikavua kinyago nikaukimbilia huku nikipiga kelele "Wangu! Wangu!" mpaka wenzangu wakanipisha. Sauti ile sikujua nilikuwa nayo. Mtaniuliza kama tulishinda. Hatukushinda, Msambweni walituzidi kidogo. Lakini walimu wa timu ya pwani walipokuja kwenye benchi yetu, walimuuliza Mwalimu Barasa huyu mdakaji umemficha wapi. Nikawasikia kwa masikio yangu. Nikaenda na timu ya pwani, nikacheza, na nilijivunia, na leo bado najivunia, mama zangu, Mungu amenipa ruhusa!

Mwalimu Barasa hakusubiri. Jumapili ile ile baada ya mechi ya Msambweni alikuja nyumbani akamwamkua mama, akakaa kwenye kochi letu amejikunja. Akatuambia kwamba amefundisha watoto wa pwani muda mrefu, na kila mtoto akiinamisha macho alidhani moto hana. Nikampa chai. Ninamheshimu mtu anayeweza kusema hivyo mbele ya mwanafunzi wake.

Sasa mimi mwenyewe ninafundisha wasichana softiboli kule Msambweni, uwanja ule ule. Kwangu mfuko wa vifaa unabebwa kwa zamu, na siku ya kwanza hakuna kupiga kelele jina. Kila mtoto anarusha kwanza. Wengine wananipa shikamoo wakiangalia chini, nami naitikia marahaba, halafu nawapa mpira.

Juzi alikuja mzazi mmoja na binti yake. Mtoto amesimama nyuma ya baba, haonekani ila viatu. Baba akaniambia taratibu, "Huyu wangu ni mpole mno. Hata ukimpa kuchunga vifaa tu, nitashukuru." Nikamwangalia yule baba. Alikuwa Mwalimu Barasa. Nikachukua glavu nikamvisha mwalimu, nikamuuliza mtoto jina lake, nikampa mpira, nikamwambia, "Nekesa, mrushie baba."

Alirusha. Mwalimu akavua glavu akapuliza kiganja, na macho yake yakajaa maji. Amekaa pale nyuma leo, yeye na Nekesa wake. Mwalimu, simama wakuone. Asante.

Nakushukuru Mungu wangu, wewe uliyeniona wakati nilipokuwa kando ya mfuko. Namshukuru mama, na Fatuma, ambaye leo amekuja kunisikiliza ingawa hapa si kwao. Na wewe uliyekaa hapo, umepewa jina kazini, umepewa jina hata na watu wa nyumbani kwako, ukachunga mfuko mpaka ukaamini ndiyo kazi yako: Mungu hajakupa jina hilo. Mkabidhi mkono wako leo. Anajua alichoweka ndani yake. Weka mfuko chini, ndugu yangu, usimame, useme jina lako!