Mkebe wa Mwalimu Bhoke

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushika chaki, Mwalimu Bhoke Maroa anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai 1998. Miaka kumi na minane kati ya hiyo ameitumia hapa shuleni kwetu Migori, akifundisha Historia na kutukosesha amani sisi wenzake katika chumba cha walimu. Hilo la kukosa amani nimeliandika makusudi na sitalifuta, hata mwalimu mkuu akinisihi.

Alianza kazi mwaka 1967 katika shule ya msingi kule Sori, Kiluo chake kikiwa cha kubahatisha na sauti yake ikiwa ile ile tunayoijua. Akahamishiwa Mbita, akajisomea jioni baada ya kazi, akafanya mitihani, akapanda ngazi mpaka sekondari. Wenyeji walimwita nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, na wengi mpaka leo hawajui jina lake jingine. Siku moja sokoni Oyugis alishindania bei ya mtungi hadi muuzaji akakubali kushuka. Kisha akageuka, akaanza kumtetea muuzaji dhidi yake mwenyewe, akaishia kulipa bei ya mwanzo. Tuliokuwa naye tulitaka kulia, maana gari lilikuwa linatusubiri.

Kazi atakayokumbukwa kwayo ni Baraza la Nyoyo. Kila Ijumaa, baada ya wanafunzi kula ile nyoyo yetu ya mahindi na maharagwe, aliweka mezani mkebe mkuukuu wa mafuta ya kupikia wenye punje chache za vyote viwili. Msemaji alifumba macho na kutumbukiza mkono. Akitoa hindi, anaunga mkono mada. Akitoa haragwe, anaipinga, hata kama moyoni anaamini kinyume chake. Na kabla ya kumjibu mwenzako ilikubidi ueleze hoja yake vizuri mpaka yeye mwenyewe akiri, "Hivyo ndivyo." Asipokiri, unaketi chini.

Hakuna jambo lililokuwa kubwa mno kwa mkebe ule. Hadiya, binti wa Mohammad mwenye duka la nguo mjini, alitoa hindi siku ya mada ya kurithi wajane, akaitetea mila hiyo kwa ufasaha mpaka mpishi wetu, ambaye ni mjane, akaacha sufuria jikoni na kuja kumjibu. Siku nyingine waliuliza kama mtu anaweza kujua jambo bila kuambiwa na yeyote, wakatoka wamechanganyikiwa na wenye furaha. Walipojadili kama kiboko kinafundisha chochote, mimi nilinuna wiki nzima. Nilikuwa na kiboko changu nilichokipenda.

Ukaja mwaka 1992. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa unakaribia, sehemu nyingine za nchi watu walikuwa wanachomewa nyumba, na hapa kwetu watu walitazama nyuma kabla ya kutamka jina la chama. Tulimwomba Mwalimu Bhoke aufungie mkebe kabatini mpaka mambo yatulie. Akasema kama watoto hawawezi kufikiri wakati wa hofu, basi amekuwa akiwafundisha mchezo tu. Ijumaa iliyofuata mada ilikuwa kwamba vyama vingi vitaiharibu nchi.

Levis, kiranja mkuu, alitoa haragwe. Kijana huyo alikuwa mwana wa Mzee Fanuel, mwenyekiti wa tawi la chama tawala na mjumbe wa bodi ya shule. Alisimama akavitetea vyama vingi kwa maneno makali na ya wazi ambayo hata mkutanoni watu wazima hawakuthubutu kuyasema. Mlangoni alikuwa amesimama mwenyekiti mpya wa bodi, Bwana Onsongo, aliyekuja kukagua paa la bwalo. Hakujua lolote kuhusu mkebe. Alichokiona ni kiranja mkuu akiipinga serikali, na mwalimu wake ameketi kando akitabasamu.

Jumatatu bodi iliitishwa. Nilihudhuria kwa niaba ya walimu. Bwana Onsongo alikuwa na swali moja tu: maneno yale yalikuwa ya nani? Kama ni ya kijana, afukuzwe, na mtihani wa Kidato cha Nne ulikuwa mlangoni. Kama alilishwa na mwalimu, basi mwalimu asimamishwe kazi na aondoke na vitu vyake kwenye nyumba ya shule. Levis alisimama ukutani. Baba yake aliketi miongoni mwa wajumbe, macho kwenye kofia yake, na nilijua anaogopa kuliko sisi sote.

Nilimwomba Mungu Mwalimu Bhoke aeleze habari za mkebe kisha anyamaze. Wapi! Aliinuka na kusema kwamba kabla ya kujitetea atayataja mashtaka dhidi yake, maana aliona hayakutajwa vizuri. Nikainamisha kichwa. Akaeleza kwamba mzazi anamleta mtoto shuleni apate cheti, si apate kesi. Kwamba mwaka huo neno moja la mtoto lingeweza kuchoma shule nzima. Kwamba mwalimu akikosea huhamishwa, lakini atakayeulizwa kuhusu wale watoto wote ni mwenyekiti wa bodi peke yake, na mwenyekiti huyo ana haki ya kuogopa.

Bwana Onsongo alikuwa ameacha kugonga meza. "Hivyo ndivyo," alisema polepole. "Hata mimi sikuweza kuyasema hivyo, mwalimu."

Hapo Mwalimu Bhoke akamwomba naye aeleze upande wa mshtakiwa. Bwana Onsongo alikiri hawezi. Alisema hajui upande huo ni upi. Mwalimu Bhoke akamjibu kwamba basi anaomba asihukumiwe na mtu asiyeujua, akaketi. Hakusema maneno yale yalikuwa ya kijana, wala hakusema yalikuwa yake. Nilimkasirikia sana kwa kutojiokoa.

Aliyesimama alikuwa Mzee Fanuel.

"Jowa, wenzangu, mimi nitamsemea madam," alisema. "Huyu kijana mnasema ni wa upinzani? Hii kijana yangu? Nyumbani mimi nikilalamika juu ya serikali, yeye ndiye ananibishia! Hiyo maneno ya Ijumaa si yake, na si ya madam. Ni ya maharagwe. Alishika maharagwe, akasema ya maharagwe."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mzee Fanuel hakucheka.

"Nyar Kuria hafundishi hawa watoto waseme nini. Anawafundisha wasikie mtu kabla hawajamkataa. Mimi hawa watu wa upinzani nimewafukuza sokoni mwaka mzima. Sikujua wanataka nini. Nimekuja kujua kwa mdomo ya mtoto yangu. Chama sihami. Lakini sasa nikimkataa mtu, najua nimekataa nini." Akamgeukia Mwalimu Bhoke. "Madam, ni hivyo?"

"Hivyo ndivyo, Mzee," akajibu, na hiyo ndiyo mara pekee nimemwona akifuta machozi.

Levis alifanya mtihani wake. Mwalimu Bhoke alibaki na kazi yake, ila Baraza lilipigwa marufuku, na cheo cha naibu mwalimu mkuu kikampita mwaka ule na tena baadaye. Mzee Fanuel aling'olewa uenyekiti wa tawi kabla ya Krismasi. Nayaandika haya kwa sababu watu hupenda kusimulia mkasa ule kama kichekesho cha maharagwe, na waliolipa walilipa kweli.

Marufuku yenyewe haikufua dafu. Mkebe ulipofungiwa, wanafunzi walianza kuchota nyoyo kwa kijiko na kutazama punje ya juu ni ipi, kisha wakabishana hapo hapo mezani huku chakula kikipoa. Bodi haikuweza kupiga marufuku chakula cha mchana. Mwaka 1995 Bwana Onsongo mwenyewe aliurudisha mkebe na kuomba atoe punje ya kwanza.

Sasa nieleze jinsi nilivyopewa kazi hii ya kumuaga kwa maandishi. Wiki mbili zilizopita walimu tuligawanyika: wengine tulitaka aombwe abaki afundishe kwa muda, wengine walitaka aachwe aende. Mimi nilikuwa mkali kuliko wote upande wa kubaki. Yeye aliuleta tu mkebe. Mada ikawa kwamba Mwalimu Bhoke aende zake. Nikatumbukiza mkono, nikatoa hindi.

Kwa hiyo natetea aende. Mama yake kule Isebania amezeeka, macho hayaoni vizuri, na anahitaji mtu wa kumsomea gazeti na kugombana naye kuhusu yaliyomo. Vumbi la chaki limekaa kifuani mwa Mwalimu mwenyewe. Sote tunakisikia kikohozi chake asubuhi. Amechoka kubishana na watu wanaomwita Madam. Na la mwisho, ambalo ndilo zito: siku hizi kila mkutano wa walimu ukikwama, mtu huuliza Bhoke angesemaje, nasi tunaandika jibu lake na kwenda nyumbani. Alitumia maisha yake yote kupigana na tabia hiyo kwa watoto, nasi watu wazima tumeiotesha chumbani mwetu. Akibaki, hatutafikiri tena. Aende.

Nilikuonyesha maandishi haya jana, Mwalimu, ukasema, "Hivyo ndivyo, Cephas." Basi kwa niaba ya walimu, wapishi na wote waliowahi kuchota punje, asante. Tunakutakia afya, ng'ombe wa maziwa, na majirani wabishi. Upande ninaouamini mimi sikupewa nafasi ya kuusema.