Kwinini kwenye Tumbo Tupu

Wapendwa, asanteni kwa nafasi. Nyie mlioko nyuma sogeeni karibu, maana nikifika katikati ya habari hii sauti hunikatika hadi leo.

Miaka ile ya tisini mke wangu alikuwa na mimba kubwa, mtoto wetu wa kwanza. Malaria ikamshika. Nikampakia kwenye baiskeli kutoka kwetu Nsemulwa, naisukuma huku anatetemeka, mpaka hospitali. Wakamlaza, wakamtundikia dripu ya kwinini. Nikapumua kidogo.

Ndugu wa maombi wakaja wodini, tukakubaliana kufunga kwa ajili yake. Mke wangu, mnamjua alivyo mbishi, akasema, "Na mimi nafunga. Mniombee mimi halafu mimi nile?" Uji niliomletea ukarudi nyumbani.

Kesho yake mchana homa ilikuwa imeshuka. Mara naona jasho linamtoka mpaka shuka imelowa, anaongea ovyo, ananiita kwa jina la marehemu baba yake. Ndugu zangu, nawaambia, niliogopa! Wauguzaji wa vitanda vya jirani wakanong'ona kwamba malaria imempanda kichwani. Nesi naye alidhani hivyo, na daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Mama mkwe akaanza kufunga mizigo: "Mkwe wangu, tumwondoe binti yangu. Hii si ya hospitali." Sikujua nimsikilize nani.

Ndipo akaingia mfamasia. Sisi tulizoea kumwona mfamasia kwenye dirisha la dawa, anakupa vidonge unaondoka. Huyu alikuwa na kawaida ya kupita wodini kuangalia dawa zinavyowaendea wagonjwa. Akaitazama dripu, akamgusa mke wangu paji la uso.

"Shemeji, amekula nini tangu jana?"

"Hajala. Tumefunga."

"Na yeye?"

"Na yeye."

Uso ukambadilika. "Kwinini inashusha sukari mwilini, na mjamzito ndiyo zaidi. Na dripu yenyewe imechanganywa na maji ya chumvi matupu, hayana sukari. Nesi, huenda huyu ameishiwa sukari!"

Nesi akakimbia kwa daktari, akarudi na ruhusa, wakamchoma sukari ya maji kwenye mshipa. Mimi nimeshika ukingo wa kitanda, hata kuomba nashindwa. Kitambo kidogo akafungua macho, akanitazama. "Mbona unalia? Nina njaa."

Wakambadilishia dripu. Uji nikamnywesha mwenyewe. Lakini mtoto tumboni alikuwa kimya, na mimi sikukaa chini mpaka jioni alipocheza.

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi aliyekimbia, daktari, na mfamasia yule aliyetoka dirishani kwake. Na mama mkwe, kwa kuifungua tena ile mizigo.

Ombi langu ni hili: tufunge sisi wazima, mgonjwa apewe uji. Na alichokula, asichokula, kila dawa anayomeza, waambieni wahudumu wa hospitali hata wasipouliza. Maana jibu nilikuwa nalo mimi tangu asubuhi, nimekaa nalo kitandani, na mke wangu anakufa.